Ovakado ni Ekstra

Kwenye vibanda vingi vya chakula Kenya, kuanzia stejini hapa Mitunguu hadi Gikomba, kuna sheria ambayo haijaandikwa ukutani lakini kila mtu anaijua. Ukiagiza chapo madondo, supu unaongezewa bure. Chumvi ni bure, pilipili ni bure, maji ya jagi ni bure. Ovakado ni ekstra. Sijawahi kuona mtu akipigana kwa sababu ya hiyo. Unamwona mama akiikata mbele yako, unajua ameinunua sokoni kwa pesa yake, unatoa shilingi zako mnaachana vizuri.

Sasa chukua sheria hiyo uipeleke baharini. Meli ya kitalii imebeba abiria zaidi ya elfu mbili, na wote wameambiwa chakula kimo ndani ya tikiti. Ni kweli kimo. Kuna ukumbi mkubwa wa kulia, kuna bafe ambayo karibu haifungwi. Lakini sitaha chache juu kuna mlango wa kioo, taa hafifu, na mhudumu aliyesimama na orodha ya majina. Hapo ndani kuna steki nene, sushi, vyakula vya Kifaransa na Kiitaliano. Hapo ni ekstra: mara nyingi dola 40 au 60 kwa mtu mmoja, na kampuni kama Norwegian huongeza asilimia 20 ya huduma juu yake.

Wasafiri wakongwe wa meli hizi wanalalamika sana. Wanasema zamani kila kitu kilikuwa ndani ya nauli, na kwamba hii ya kulipishwa mara mbili ni tamaa ya siku hizi. Tamaa ipo, sikatai. Lakini hiyo "zamani" yao haikuwahi kuwa hivyo. Mgahawa wa kulipia baharini una zaidi ya miaka 100, na ukiifuatilia historia yake unakuta kwamba aliyelipa bei kubwa kuliko wote hakuwa mezani. Alikuwa amesimama, ameshika trei.

Utauliza, kijana wa Mitunguu, mahali pa ndizi na mifereji, ana shughuli gani na bili za watalii? Subiri, tutafika. Kwanza twende Hamburg.

Mzee Ballin na meli zisizo na wateja

Albert Ballin alizaliwa Hamburg mwaka 1857 kwa familia ya Kiyahudi iliyofanya biashara ya kuwasafirisha wahamiaji. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza: Ulaya ilikuwa na maskini wengi waliotaka kwenda Marekani, na meli zilikuwa na nafasi kule chini. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 wahamiaji hao walibeba chakula chao wenyewe au walipewa posho ya nafaka na biskuti ngumu wajipikie. Baadaye kampuni zikaona ni faida zaidi kuwapikia. Supu, mkate, viazi. Hapo ndipo "chakula ndani ya tikiti" kilipowafikia watu wa chini, na kilifika kwa sababu kampuni zilikuwa zinashindana kuwapata.

Ballin aliingia kampuni ya Hamburg-Amerika mwaka 1886, na mwaka 1899 akawa mkurugenzi wake mkuu. Alikuwa na tatizo moja kila mwaka: wakati wa baridi watu hawakutaka kuvuka Atlantiki, kwa hivyo meli kubwa zilikaa bandarini zikila pesa. Januari 1891 akaichukua moja yao, Augusta Victoria, akaijaza watu zaidi ya 200 wenye pesa, akaipeleka Bahari ya Mediterania. Hawakuwa na mahali pa kuhamia. Walienda kuangalia, kisha wakarudi nyumbani. Wanahistoria wengi wanaihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa utalii wa meli kama tunavyoujua leo.

Miaka 14 baadaye mtu huyohuyo akazaa ekstra.

Oktoba 1905 meli yake mpya, Amerika, iliyojengwa Belfast, ilianza safari yake ya kwanza. Ndani yake, mbali na ukumbi wa kawaida wa daraja la kwanza, kulikuwa na mgahawa uliobeba jina la Ritz, yule César Ritz wa hoteli za kifahari. Ramani za ndani zilichorwa na Charles Mewès, msanifu wa hoteli za Ritz, na mpishi maarufu Auguste Escoffier alisaidia kupanga jiko. Ulichagua kwenye menyu, ulilipia ulichochagua.

Hapa lazima tuulize swali la kibanda. Tajiri ameshalipa daraja la kwanza. Ukumbi wa kawaida unampa chakula kizuri, kingi, bila bili. Kwa nini atoe pesa tena?

Jibu liko kwenye viti. Kwenye ukumbi wa kawaida wa meli za wakati ule ulikalishwa kwenye meza ndefu, kwenye kiti kilichofungwa sakafuni kwa skrubu. Kengele ikilia mnakula, na aliyekaa kushoto kwako ni yule uliyepangiwa, hata kama anazungumzia bei ya pamba wiki nzima. Mgahawa wa Ritz ulikuwa na meza ndogo. Ulikuja saa uliyotaka, na watu uliowataka. Chakula kilikuwa sababu tu. Kilichouzwa pale kilikuwa nafasi ya kutokaa na wengine.

Na kuna jambo moja ambalo watu wa siku hizi wamelisahau kabisa. Ukiamua kwamba safari nzima utakula mgahawani, ungeweza kukata tikiti isiyo na chakula, kwa nauli ya chini. Yaani kampuni ilikubali: kama hukuli chetu, hatukutozi chetu. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Wafanyakazi wa Gatti

Kampuni ya White Star ya Uingereza haikutaka kuachwa nyuma. Ilipoijenga Olympic mwaka 1911 na Titanic mwaka 1912, ikaweka mgahawa wa namna hiyo kwenye sitaha B, kwa daraja la kwanza peke yao. Anayekula huko safari nzima alipunguziwa nauli. Kazi ya kuuendesha akapewa Luigi Gatti, Muitaliano aliyekuwa na uzoefu wa migahawa ya London. White Star iliweka chumba, Gatti akaweka watu: wapishi, wahudumu, waosha vyombo na makarani wa fedha, zaidi ya 60 kwa jumla, wengi wao Waitaliano na Wafaransa, na wengi vijana.

Jioni ya tarehe 14 Aprili 1912, familia ya Widener kutoka Philadelphia iliandaa chakula cha heshima kwa nahodha Edward Smith ndani ya mgahawa huo. Saa chache baadaye meli iligonga siwa la barafu.

Kila mtu anajua kilichotokea kwa meli. Kilichowapata watu wa Gatti kinajulikana na wachache. Kati ya wote hao, watatu tu walipona: wanawake wawili waliokuwa makarani wa fedha, ambao waliingizwa kwenye boti kwa kuwa ni wanawake, na Paul Maugé, karani wa mpishi mkuu. Gatti mwenyewe alikufa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo muda wa kusoma kumbukumbu za uchunguzi wa mwaka 1912 ninao. Maugé aliitwa kutoa ushahidi London. Alieleza kwamba wafanyakazi wa mgahawa walikuwa sehemu ya chini, na kwamba wahudumu wa meli waliwazuia kupanda kwenye sitaha. Yeye na mpishi mkuu waliruhusiwa kupita. Alivyodhani yeye, ni kwa sababu alikuwa amevaa kama abiria. Kisha akaruka ndani ya boti iliyokuwa ikishushwa. Alimwambia mpishi aruke pia. Mpishi hakuruka.

Fikiria hali ya wale wengine. Hawakuwa abiria. Hawakuwa mabaharia wenye nafasi ya kupiga makasia kwenye boti, nafasi ambayo iliokoa baadhi ya wafanyakazi wa White Star. Mwajiri wao alikuwa Gatti, na chumba tu ndicho kilikuwa cha kampuni. Palipohitajika kuamua huyu ni wa nani, hawakuwa wa mtu yeyote. Kwenye daftari la meli walikuwa ekstra, kama mgahawa wenyewe.

Sisemi mgahawa ndio uliowaua. Daraja la tatu lilikufa kwa mamia na lilikuwa na tikiti halali. Ninachosema ni kwamba ukishatenga huduma fulani na hesabu ya kawaida ya meli, unawatenga pia wanaoitoa. Amani ikiwepo, utengano huo unaonekana kwenye risiti tu. Siku ya shida unaonekana kwenye ngazi.

Kwetu hakukuwa na "ndani ya tikiti"

Wakati matajiri wa Atlantiki wakilipa ili wasikae meza moja na matajiri wenzao, upande wetu wa dunia hesabu ilikuwa nyingine.

Meli za kampuni ya British India zilihudumia njia ya Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam hadi Durban kwa miaka mingi. Juu kulikuwa na kabini na ukumbi wa kulia wenye vitambaa vyeupe. Chini kulikuwa na wasafiri wasio na kabini: mafundi, makarani, wenye maduka, familia nzima na matandiko yao na masanduku yao. Wengi walibeba chakula cha njiani, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya dini pia. Hata meli za mwisho mwisho, Kampala ya 1947 na Karanja ya 1948, zilijengwa na nafasi kubwa kwa watu wa aina hiyo.

Ukishuka Mombasa ukapanda reli ya Uganda, hadithi ni ileile. Miaka ya mwanzo treni haikuwa na behewa la chakula. Ilisimama Voi na kwingineko, wazungu wakashuka kula kwenye nyumba za wasafiri na kulalamikia nyama ngumu. Behewa la chakula lilipokuja, likawa la daraja la kwanza na la pili. Mwafrika alikuwa daraja la tatu, na hoteli yake ilikuwa dirisha. Treni ikisimama, mikono ilinyoosha juu mahindi, mayai, ndizi, chai kwenye birika. Mfumo huo ulidumu kuliko ukoloni. Hadi treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa ilipostaafu mwaka 2017, ukikata daraja la kwanza ulipewa chakula cha jioni, kiamsha kinywa na matandiko, na nyuma kule watu walijinunulia.

Kwa hivyo tajiri akilia ati siku hizi analipishwa ekstra, bibi aliyenunua mahindi dirishani pale Mtito Andei angemshangaa. Kwake, safari yote ilikuwa ekstra. Alilipia kiti tu, wakati mwingine hata kiti hakupata.

Ndizi kwanza, mgeni baadaye

Turudi baharini, na hapa Mitunguu inaingia kwa mlango wa nyuma.

Watalii walizoeaje Karibea, ambako meli nyingi za kitalii huzunguka leo? Sehemu ya jibu ni ndizi. Kampuni ya United Fruit ya Marekani, iliyoundwa 1899, ilikuwa na meli zilizopakwa rangi nyeupe ili zisishike joto, kwa sababu ndizi ikipata joto inaiva kabla haijafika sokoni. Meli hizo zilikuwa na nafasi, basi kampuni ikaweka kabini na kuuza safari za starehe kati ya Marekani, Jamaika na Amerika ya Kati. Mabaharia walitania kwamba ndani ya meli ile mgeni wa heshima ni ndizi, abiria ni usumbufu. Ukiwahi kuona dalali wa hapa kwetu akipanga mikungu kwenye lori la Nairobi, akiiwekea majani laini ili isichubuke, halafu akamwambia turnboy alale juu ya turubai, utani huo utauelewa bila kufafanuliwa.

Kisha ndege za jeti zikaanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, na baada ya miaka michache hakuna aliyehitaji meli kwenda popote. Meli za abiria zilizobaki zikageuzwa za kuzunguka tu, kama ile safari ya Ballin ya 1891. Mwaka 1966 meli Sunward ilianza kufanya safari za Karibea kutoka Miami, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Norwegian. Carnival ilianza 1972. Hawa walilenga karani, mwalimu na muuguzi wa Marekani. Nauli ikashuka, meli zikawa kubwa, na "kila kitu ndani ya tikiti" ikawa neno la matangazo.

Lakini nauli ikishuka, pesa lazima itoke mahali. Ilitoka baa, kasino, duka, picha, matembezi ya nchi kavu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Norwegian iliweka mgahawa mdogo wa Kifaransa, Le Bistro, ndani ya meli yake kubwa Norway. Kuanzia 2000 ikafanya migahawa mingi ndani ya meli moja kuwa utambulisho wake: kula unapotaka, saa unayotaka, na watu unaowataka. Msomaji, hayo ni maneno ya meza ndogo za 1905, yameshushwa bei kidogo ili mwalimu naye aonje kutokaa na wengine. Kampuni zingine zikafuata. Leo pesa zinazotumiwa ndani ya meli, mbali na tikiti, ni takriban theluthi moja ya mapato ya kampuni kubwa za biashara hii.

Sasa lile jambo nililosema ulishike. Mwaka 1912 ukila kwa Gatti safari nzima, White Star ilikurudishia sehemu ya nauli. Leo hakuna anayekurudishia. Ukipanda kwenye mgahawa wa steki, ile sahani uliyoiacha ukumbini kule chini ilishalipiwa kwenye tikiti, na unalipia hii nyingine. Katika miaka 100 ekstra ilibadilika kimyakimya, kutoka kuchagua kati ya viwili hadi kulipia vyote viwili. Na sasa imeanza kushuka ngazi: hata kwenye ukumbi wa kawaida, menyu za baadhi ya kampuni zina sahani chache zenye bei pembeni. Hapo ndipo mlalamishi ana haki kabisa. Hata mama wa kibanda hakuuzii ovakado halafu akakutoza maharagwe ambayo hukula.

Nani ameshika trei

Hapa ndipo tunafika nyumbani.

Mitunguu kuna maji ya mifereji tangu mradi wa miaka ya 1980, uliosaidiwa na Wajerumani, na ndizi haziishi. Lakini shamba la baba likigawanywa kwa watoto watano, kila mmoja anapata mistari michache ya migomba na mazungumzo marefu na dalali. Kwa hivyo vijana wanatafuta. Wengine Nairobi, wengine Ghuba. Na tangu 2018, serikali ya Kenya ilipoanza kuzungumza na kampuni ya MSC kuhusu ajira za vijana melini, neno "meli" limefika hadi huku ambako mto ndio maji makubwa tunayoyajua. Vijana wa hoteli, waliosomea mapishi na huduma, wanaota kusimama kwenye ule mlango wa kioo.

Binamu yangu ni mmoja wao. Mwaka juzi ajenti mmoja alimtaka alipe shilingi elfu 80 ya "kufungua faili", kisha nyingine ya "kuhifadhi nafasi". Pesa ya kwanza ilitoka kwa ndizi za msimu mzima. Nafasi haikuonekana. Nilipomuuliza kwa nini alilipa, alisema, "Bro, kila kitu kizuri kina ekstra."

Hapana. Hii haina. Mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza ajenti kumtoza anayetafuta kazi ya meli ada ya kumtafutia hiyo kazi. Unaweza kujilipia cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Basi. Hata gharama za viza ni za mwenye meli. Na mkataba huo unamhesabu mhudumu wa mezani kuwa baharia kama mwingine yeyote: anastahili angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, mkataba ulioandikwa, na kurudishwa nyumbani. Kuhusu nani ameruhusiwa kuajiri, Mamlaka ya Shughuli za Baharini Kenya ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala hao. Mtu akikutajia ada, muulize leseni kwanza.

Ukipata mkataba, tafuta mstari wa mwajiri kabla hujatafuta mstari wa mshahara. Meli nyingi za leo bado zina akina Gatti: duka, spa na huduma nyingine huendeshwa na kampuni za nje zilizokodi nafasi ndani. Jina kubwa liko ubavuni mwa meli, na aliyekuajiri ana ofisi kwingine kabisa. Uliza ile asilimia 20 inayoongezwa kwenye bili ya steki inagawanywaje, na kama sehemu yako imeandikwa au unaahidiwa kwa mdomo. Uliza mazoezi ya dharura wewe umepangiwa boti gani.

Binamu yangu amerudia kutuma maombi, safari hii kwa wakala mwenye leseni, bila kulipa ada ya mtu. Anafanya kazi kwenye hoteli moja mjini Meru huku akisubiri. Juzi nilimtumia majina ya wafanyakazi wa Gatti, ile orodha nzima. Alinijibu kwa swali moja: kati yao, wangapi walikuwa wahudumu wa mezani. Nilimhesabia. Akaomba nimtumie pia ule mkataba wa 2006, sehemu ya boti.